Glavu za kipa za 38,000 pale Mwanga: zimepimwa na kipa anayeshona

Nianze na bei, maana najua ndiyo iliyowaleta: 38,000. Mwenye duka alianzia 45,000. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, uzi na lastiki nanunua kila wiki, kwa hiyo tusichoshane. Akashuka mpaka 40,000. Nikageuka kama mtu anayetafuta bajaji, sijamaliza hata kuvuka mtaro akaniita, "Fundi, rudi bwana, tuongee." Tukafunga kwenye 38,000. Duka liko Mwanga, hapa Kigoma, moja ya yale yanayotundika jezi mpaka nje ya kibaraza. Jina silitaji, kwa sababu nina neno nao huko mbele na sitaki ugomvi na watu ninaopishana nao sokoni kila siku.

Na mimi ni nani hata nipime glavu? Nadaka. Nilianza na miaka 14 kwenye chandimu za Ujiji, msichana peke yangu kati ya wavulana, nikawekwa golini kwa sababu ileile wanayowekewa wote: sikujua kupiga chenga. Sasa nina 31. Mchana nashona sare za shule na madera, jioni nafundisha mabinti wanne kudaka kwenye uwanja wa udongo, ule udongo mwekundu ambao ukijitupa mara moja unarudi nyumbani rangi ya tofali. Wawili kati yao walikuja baada ya Serengeti Girls, timu yetu ya taifa, kwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022. Japani walitufunga 4-0 mechi ya kwanza, tarehe 12 Oktoba, nikadhani basi yameisha. Watoto wakaamka wakampiga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali. Wiki iliyofuata nina mabinti mlangoni wanauliza, "Dada, kudaka kunafundishwa?"

Kunafundishwa, lakini mikono mitupu inachubuka. Ndiyo maana ya glavu hizi.

Kabla sijafika kwenye mishono, niseme kipimo changu. Kila glavu ninayoivaa naipima kwa kipa mmoja wa Japani, Ayumi Kaihori. Atakayeuliza Kaihori na Kigoma wapi na wapi, asubiri kidogo nimpeleke kibanda umiza.

Usiku wa tarehe 17 Julai 2011 nilikuwa na miaka 17, na kaka yangu alikuwa na deni langu la shilingi 500. Akalilipa kwa kunipeleka kwenye banda la mpira. Banda lilikuwa na televisheni mbili. Ile kubwa ilikuwa ya Brazil na Paraguay, robo fainali ya Copa América, na wanaume wote walikuwa wameielekea hiyo. Ile ndogo, imewekwa juu ya spika iliyokufa pembeni karibu na mlango, ilikuwa na fainali ya Kombe la Dunia la wanawake kutoka Frankfurt, Marekani na Japani. Mwenye banda aliiwasha, nadhani, kwa sababu tu tayari alikuwa amelipia king'amuzi cha pili. Mbele ya hiyo ndogo tulikuwa watatu: mimi, mama muuza kahawa aliyekuwa amechoka kutembea, na mzee mmoja aliyekuwa amelala.

Ilianza saa 3:45 usiku kwa saa zetu. Sikujua mchezaji hata mmoja. Nilichojua ni kwamba Japani ilikuwa imepigwa na tetemeko na tsunami mwezi Machi mwaka uleule, na kwamba kila mtu kwenye redio alisema Marekani wataua. Kilichonivuta ni kipa wao. Katikati ya wale Wamarekani warefu, huyu alionekana wa kawaida. Baadaye nilisoma kuwa ana sentimita 170. Mimi nina 164, nimejipima kwa tepu yangu mwenyewe ukutani. Tofauti ya vidole vitatu! Mpaka siku ile niliambiwa kila Jumapili kwamba nitakoma kudaka wakianza kupiga mipira ya juu, maana mwanamke mfupi golini ni sawa na mlango bila komeo.

Marekani wakapata bao kwa Alex Morgan dakika ya 69. Aya Miyama akasawazisha ya 81. Muda wa nyongeza, Abby Wambach kwa kichwa, dakika ya 104, mama wa kahawa akasema "haya, tulale." Dakika ya 117 Homare Sawa akaitokea kona kwenye mlingoti wa karibu na kuugusa mpira kwa namna ambayo mpaka leo siwezi kuieleza bila kuinua mguu. 2-2. Mzee akaamka.

Matuta sasa, yaani penalti. Kocha wao, Norio Sasaki, amesimama katikati ya wachezaji anacheka. Anacheka! Shannon Boxx wa Marekani akapiga ya kwanza. Kaihori alikuwa ameshajitupa upande, mwili umeshapita, mpira unakuja kule anakotoka; ule mguu uliobaki nyuma ndio ukaugonga ukatoka. Carli Lloyd akapaisha juu. Japani nao wakakosa moja, Hope Solo, kipa wa Marekani, aliiokoa ya Nagasato. Ikaja zamu ya Tobin Heath, na hii Kaihori akaipangua kwa mikono. Wambach akafunga yake. Saki Kumagai akaenda, akapiga juu kona ya goli, 3-1, Japani bingwa, timu ya kwanza kutoka Asia kulichukua kombe hilo. Mimi nilipiga kelele peke yangu, watu wa televisheni kubwa wakaniambia ninyamaze. Mungu hamfichi mtu: Brazil nao wakaenda matuta usiku uleule, wakakosa zote nne.

Sasa sikiliza kwa nini naileta habari hii kwenye mapitio ya glavu. Mkwaju uliofungua ubingwa, Kaihori aliuokoa kwa mguu, glavu haikuugusa. Na tuzo ya Glavu ya Dhahabu ya mashindano yale hakupewa yeye, alipewa Solo aliyefungwa. Sipingi, Solo alikuwa jabali. Nasema tu, mtu akija kukuuzia glavu akisema "hizi zinadaka zenyewe", kumbuka Frankfurt.

Haya, tuzifungue.

Mfuko ni wa plastiki wenye zipu, mzuri, mwanangu anaweka penseli. Hakuna karatasi ya maelezo. Glavu zenyewe ni nyeusi na kijani, kiganja cheupe.

Saizi ndiyo vita ya kwanza. Nilipoingia nikasema nataka glavu za kipa namba 8 na namba 7. Kijana wa dukani akauliza za mtoto gani. Nikasema za kwangu mimi na za binti ninayemfundisha. Akaingia stoo, akatoka na glavu za pikipiki. Si utani. Zile za kuzuia upepo, zenye plastiki ngumu kwenye vifundo. "Hizi zinabana mkono wa mwanamke, dada." Nikamwonyesha za ukutani. "Hizo ni namba 9 na 10 tu, za makipa." Kwani mimi nani?

Kama huna fundi karibu, hivi ndivyo mkono unavyopimwa. Chukua tepu, zungusha kiganjani pale chini ya vifundo vya vidole, gumba liache nje, soma inchi. Ongeza moja. Ikiangukia nusu, panda juu. Mimi napata inchi 6 na nusu, kwa hiyo ni namba 8. Yule binti wangu wa Katonga, mwenye miaka 15, anapata 6 kamili, ni namba 7. Namba 9 kwake inaacha sentimita nzima tupu kwenye ncha ya kila kidole. Kidole kitupu cha glavu ni kama pua ya kiatu kilichokuzidi: unakikanyagia mwenyewe. Mpira unapokuja pembeni unaufikia kwa ile ncha, na ile ncha haina mtu ndani.

Wenye duka wanaleta 9 na 10 kwa sababu wanaonunua ni vijana wa kiume, na mabinti hawanunui kwa sababu hakuna 7. Kuku na yai. Nilisimama pale mpaka mwenye duka mwenyewe akaja, akapekua boksi la chini la kabati la nyuma, akapata 8 mbili na 7 moja, zina vumbi. Kati ya hizo nilichukua mbili, moja kwangu, moja ya binti, na kwa kuwa nilichukua jozi mbili nilitarajia anipunguzie tena. Hakunipunguzia.

Sasa mishono, na hapa nivumilieni, ni kazi yangu.

Vidole vimeshonwa kwa ndani. Yaani pindo limegeuzwa, raba ya kiganja inazunguka kidole na kukikumbatia, huoni mshono kwa nje. Zipo zinazoshonwa kwa nje, kiganja bapa kama ubao, eneo la kugusa mpira ni pana zaidi lakini mkono mwembamba unaelea mle ndani. Kwa vidole vyembamba mshono wa ndani ndio wenyewe: unausikia mpira. Mwenye vidole vinene atalia, hasa kwenye gumba.

Nilihesabu mishono. Vidole vinne vina mishono kama 8 kwa inchi, imenyooka, uzi wa polista, sina tatizo. Gumba lina 5. Tano! Sare ya darasa la kwanza siishoni kwa tano. Na gumba ndilo linalofanya kazi kubwa, maana unapoudaka mpira wa kifuani magumba mawili yanakaribiana nyuma ya mpira, ndiyo yanayouzuia usipite. Nikasema moyoni hili halifiki mwezi. Lilifika siku 19. Krosi ya kawaida, nikashuka, nikausikia ule mlio ambao fundi yeyote anaujua.

Mgongoni mwa vidole kuna vijiti vya plastiki, vinachomoka. Kazi yake ni kuzuia kidole kisirudi nyuma mpira mkali ukikigonga. Mimi nilivitoa siku ya pili. Vinakulinda, ni kweli, lakini vinakunyima ngumi; ukitaka kupiga mpira wa kona kwa ngumi unakuwa kama unapiga na sahani. Binti nimemwachia vyake, mifupa yake bado inakua.

Mkanda wa kunata wa kifundoni ni mzuri mwanzoni. Vumbi la kiangazi likaingia kwenye vile vijinywele vyake, ikawa unajifungua katikati ya mechi. Sindano ya kushonea ndiyo dawa: unachokoa vumbi taratibu kila Jumapili ukisikiliza redio.

Tuje kwenye kiganja, maana hapo ndipo pesa yenu ilipo. Ni ile raba laini kama sponji, unene kama milimita tatu. Siku ya kwanza nilizivaa zilivyo, zimetoka mfukoni. Mpira wa kwanza ulinitoka kama sabuni ya kuogea. Wa pili vilevile. Mabinti wakaangaliana. Kumbe raba mpya ina utando wa kiwandani juu yake, lazima uioshe kwa maji ya uvuguvugu, uisugue kiganja kwa kiganja taratibu, uikamue bila kuinyonga, uianike kivulini. Dukani hakuna aliyetuambia. Mimi nilijua, nilisahau tu kwa tamaa ya kuvaa kitu kipya.

Baada ya kuosha nikamwita mdogo wangu, winga wa timu ya bodaboda, mguu wake wa kushoto ni rungu. Nikamwomba mashuti 40 kutoka nje ya boksi: 20 glavu kavu, 20 nimezilowesha kidogo kwa maji ya chupa. Nilihesabu yale niliyoyakamata moja kwa moja bila kutema. Kavu: 9. Zenye unyevu: 14. Ndiyo maana mnawaona makipa kwenye televisheni wanatemea mate viganjani. Raba hii inataka unyevu, ikikauka inashika vumbi badala ya mpira. Sisi huku Juni mpaka Septemba vumbi ni chakula. Mwekeeni kipa wenu chupa ya maji kando ya mlingoti, na bibi ya mtu akiuliza mnaumwagia nini uwanja, mwambieni ni glavu.

Lakini hayo mengine 6 niliyotema glavu zikiwa na unyevu, hayakuwa kosa la glavu. Yalikuwa yangu. Hapa narudi kwa Kaihori tena, mnisamehe.

Kaihori alizaliwa Kyoto mwaka 1986, na klabu yake ya miaka mingi ni INAC Kobe Leonessa, aliyoingia mwaka 2008. Baada ya kombe walichukua ligi ya Japani 2011, 2012 na 2013, mara tatu mfululizo. Ungesema huyo kafika. Olimpiki ya London 2012, aliyesimama golini fainali dhidi ya Marekani alikuwa Miho Fukumoto, mwenzake, wakafungwa 2-1 wakapata fedha. Bingwa wa dunia, benchi. Ukipa ndivyo ulivyo. Mshambuliaji akishuka kiwango anahamishiwa pembeni, kipa hana pembeni. Kwenye Kombe la Dunia la Kanada 2015 kocha Sasaki alizungusha makipa watatu kwenye makundi: Kaihori, Fukumoto, na Erina Yamane mwenye sentimita 187, ambaye nadhani akisimama mlangoni kwangu anabidi ainame. Mtoano ulipoanza akamrudishia Kaihori.

Mechi ya kwanza ya mtoano, na Uholanzi. Japani wanaongoza 2-0, zimeingia dakika za majeruhi. Kirsten van de Ven anapiga kichwa, kichwa cha kawaida, kipa wa Katonga anaudaka. Kaihori ana mikono yote miwili juu ya mpira. Ukampita mikononi ukaingia. Walishinda 2-1, hakuna aliyekufa. Lakini tazameni: bingwa wa dunia, glavu za kiwanda kikubwa, uwanja wa kifahari usio na hata punje ya vumbi. Zile hazikuwa glavu za 38,000. Mpira hukamatwa na kichwa kwanza, kinapoamua kumaliza kazi kabla ya kufikiria inayofuata.

Na fainali. Tarehe 5 Julai 2015 kwa kule Vancouver, kwetu ilikuwa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 6. Hakuna banda lililofunguliwa. Niliiona siku mbili baadaye kwenye simu ya fundi simu wa jirani, kioo kimepasuka, Carli Lloyd anaonekana ana vichwa viwili. Dakika ya 3 bao, ya 5 bao, wote yeye. Ya 14 Lauren Holiday. Ya 16 Lloyd yuko kwenye mstari wa katikati, anainua macho, anamwona Kaihori ametoka, anapiga kutoka palepale. Kaihori anarudi kinyumenyume, anajikwaa, anaanguka huku mkono umenyooka, vidole vinaugusa mpira. Anaugusa! Unagonga mlingoti, unaingia. 4-0 ndani ya dakika 16. Mwisho ulikuwa 5-2.

Nimewaonyesha mabinti wangu bao hilo mara nyingi kuliko matuta ya 2011. Mmoja alicheka mara ya kwanza, nikamzungusha uwanja mara tatu. Kwa sababu Kaihori hakufanya ujinga wa kutoka: beki zako wakipanda, kipa unapanda nao, ndivyo tunavyofundisha, usikae mstarini kama kinyago. Shida ni miguu ya kurudi. Anarudi kinyumenyume, visigino vinatafutana. Geuka ubavu, vusha mguu mmoja mbele ya mwingine, kimbia kama unalifukuza basi la Kasulu, kichwa tu ndicho kibaki kinautazama mpira. Tunalifanya hilo zoezi kila Jumanne, mimi narusha mpira juu ya vichwa vyao, wao wanageuka. Wote wameshaanguka. Udongo wetu unafundisha haraka.

Na sasa turudi kwenye ile sentimita tupu ya namba 9. Mpira wa Lloyd uliguswa na vidole. Weka pale kidole cha glavu kisicho na mtu ndani uone kama kingegusa hata harufu. Ndiyo sababu nilikaa dukani dakika arobaini nikidai namba 7 kwa ajili ya mtoto wa miaka 15, huku kijana akiniangalia kama nadai mirathi.

Kaihori alitundika glavu mwisho wa msimu uleule wa 2015, akiwa na miaka 29. Mimi nina 31 na bado nabishana bei. Kila mtu na reli yake.

Uimara. Hapa nitenganishe jozi mbili, maana hazikuishi maisha sawa. Zangu, baada ya miezi mitatu, mazoezi mara tatu kwa wiki na mechi kila Jumapili, zina mashimo mawili kwenye kisigino cha kiganja, pale unapotua. Kwa uwanja wa udongo ni kawaida. Ukijitupa, tua kwa ubavu na mpira, siyo kwa viganja, na mashimo yatachelewa. Za binti ziliharibika ndani ya mwezi mmoja, kiganja kikawa kinabanduka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Nikadhani nimeuziwa mbovu. Nilikuwa njiani kwenda dukani kuwasha moto, ndipo nikaishika ile glavu nikainusa.

Mawese.

Mama yake anakamua mawese na kuuza, binti anasaidia akitoka shule, halafu anakimbilia mazoezini bila kunawa. Mafuta na raba haviwezi kukaa nyumba moja. Mafuta yanailegeza mpaka inaoza. Kiwanda kilichozitengeneza glavu hizi hakikuwahi kuwaza Kigoma. Sasa kuna kipande cha sabuni ya mche kimefungwa kamba kwenye mlingoti wa goli letu, na hakuna anayevaa glavu kabla sijanusa mikono yake. Wanaoishi Kibirizi na kuanika dagaa, sheria ni hiyohiyo. Magamba yanakata raba, na harufu, jamani, harufu haitoki.

Kingine, msizianike juani. Najua kila kitu Kigoma tunaanika juani, lakini jua linaipasua raba hii kama tope la mtoni. Kivulini, zimetundikwa kwa kidole kimoja na kibanio cha nguo.

Sasa neno langu na duka. Gumba lilipofumuka siku ya 19 nilirudi nazo, zimeoshwa, zimefungwa vizuri. Kijana yule wa glavu za pikipiki akaziangalia kwa mbali. "Hizi umeziosha kwa sabuni." Nikamwambia maji matupu. "Risiti?" Hakunipa risiti siku ile, aliandika bei kwenye kiganja chake mwenyewe kwa peni. Nikamkumbusha. Akafikiri kidogo, akaniambia, "Lakini si wewe ni fundi, dada?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye cherehani, nikafumua gumba lote, nikalishona upya kwa mkono kwa uzi wa nailoni wa kushonea viatu, mishono 9 kwa inchi, nikapiga fundo mara mbili ndani. Halijafumuka tena. La pili nililishona kabla halijafumuka. Uzi ulikuwa wa shilingi 500, bei ileile ya deni la kaka yangu.

Kwa hiyo nyota: glavu tatu na nusu kati ya tano, duka mbili, na moja kati ya hizo mbili ni ya yule mzee mwenye duka kwa kukubali kupekua boksi la chini. Mshiko ni mzuri ukiziosha na kuzilowesha. Mkao mkononi ni mzuri kwa mkono mwembamba. Gumba ni aibu. Kwa kipa wa mazoezi na ndondo za mtaani zinatosha. Anayekwenda kudaka kwenye nyasi za uwanja wa Lake Tanganyika mbele ya majukwaa ajipange kwa kitu cha bei zaidi, au aje nimshonee gumba.

Gumba nashona kwa 3,000 jozi, kesho yake unachukua, njoo nazo zikiwa safi. Namba 7 sasa hakuna dukani, nimeuliza Jumamosi. Mzee anasema anaagiza mzigo wiki ijayo, na ameniomba niandike mwenyewe kwenye daftari lake ni ngapi. Nimeandika sita. Wawili bado sijui ni akina nani, kwa hiyo kama una binti anayedaka hapa Kigoma na kiganja chake ni inchi 6, pita dukani kwangu nimpime kabla mzigo haujafika.